Nampeleka mama Vall de Laguar, Hispania: zile ngazi za mawe tutaziweza?

BintiShume

Habari zenu wanajukwaa, wakubwa zangu shikamooni. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Hispania.

Nasoma Leuven, Ubelgiji. Mama yangu amepata viza, anakuja mwezi wa nne, na nataka nimtoe walau siku chache nje ya jiji. Mama ni mwalimu mstaafu, ana miaka 63, kazaliwa na kukulia Shume kule Lushoto. Majengo marefu na maduka hayamvutii. Nilipomuuliza kwenye simu anataka kuona nini huku Ulaya, alinijibu, "Nipeleke wanakolima." Basi nikaanza kutafuta.

Nimekutana na picha za Vall de Laguar, mkoa wa Alicante. Milima imekatwa matuta kama kwetu, vijiji vidogo vyeupe, na njia ya miguu yenye ngazi za mawe zinazoshuka korongoni na kupanda upande wa pili. Wanasema ngazi zinafika 6,800 na njia yote ni kilomita 14 au 15. Mama kutembea anaweza, tena ananishinda mimi, ila goti la kulia linamsumbua akishuka. Kupanda hana neno.

Kuna aliyewahi kufika? Nauliza kama mtu wa umri wake ataiweza hiyo njia au sehemu yake, tukae kijiji gani, tufikeje bila gari, na chakula kikoje. Sisi ni Waislamu, nguruwe hatugusi. Bajeti ni ya mwanafunzi. Asanteni sana.

Kaka_wa_Murcia

Karibu sana dada. Mimi niko Murcia, napita ukanda huo na lori la matunda. Kufika ni rahisi mpaka pwani: ndege mpaka Alicante, halafu basi la kwenda Dénia au Ondara. Kutoka hapo kupanda bondeni ndipo penye shida, usafiri wa umma ni haba mno. Chukueni teksi, au mwenye nyumba mtakayopanga aje kuwapokea, wengi hukubali mkipatana mapema.

Ila kwa maoni yangu mpeleke mama Altea. Kuna bahari, kuna vichochoro vizuri vya kutembea, maduka yako karibu. Vijiji vile vya juu ni kimya sana, mchana milango yote imefungwa, na mtu mzima akikaa ndani bila cha kufanya atachoka. Ni hayo tu, uamuzi ni wako.

MamaNaima_Orba

Marahaba mwanangu, na mama yako msalimu sana.

Mimi ni wa Mombasa, Kisauni, na sasa makazi yangu ni Orba, mji mdogo ulio mdomoni mwa bonde hilo unaloliulizia. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, na wengi niliowahudumia ni watu wa bonde hilo. Kwa hiyo nitakwambia ninavyolijua. Mwanangu wa Murcia amesema kweli kuhusu mabasi, lakini kuhusu Altea sikubaliani naye. Mama amesema apelekwe wanakolima. Altea hawalimi, wanauza aiskrimu na vyumba vya kulala. Mpelekeni alikotaka.

Vijiji ni vitatu na vimepangana kwenye ubavu mmoja wa mlima, juu ya barabara moja: Campell chini, Fleix katikati, Benimaurell juu kabisa, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Watu wote wa manispaa hiyo hawafiki elfu moja. Ukisimama Benimaurell asubuhi kukiwa hakuna ukungu, unaiona bahari upande wa Dénia, na nyuma yako ni milima mitupu. Jumamosi na Jumapili huwa pana msongamano, watu wa Valencia na Alicante wanakuja na viatu vyao vya mlimani, magari yanajaa hata pa kugeuzia hakuna. Njooni Jumatatu mpaka Ijumaa. Na iepukeni wiki ya Pasaka, bei za nyumba hupanda na utulivu mnaoutafuta hamtaupata.

Sasa hizo ngazi. Njia yenyewe ina namba, PR-CV 147, alama zake ni mstari mweupe na wa njano uliopakwa kwenye mawe na kuta. Huanzia Fleix, penye birika la zamani walikofulia nguo. Inashuka mpaka chini kwenye kitanda cha mto Girona, inapanda upande wa pili mpaka kwenye mashamba na nyumba zilizohamwa za Juvees, inashuka tena, inapanda tena, inashuka mara ya tatu, na ndipo inapanda kurudi Benimaurell. Mara tatu chini, mara tatu juu. Mtu mwenye nguvu zake hutumia saa sita au saba. Kwa goti linaloumia kwenye mteremko, jibu langu ni hapana. Usimtie mama katika njia nzima. Ukishafika chini korongoni hapana gari wala mkato, kurudi ni kwa miguu yako mwenyewe.

Lakini kipande cha mwanzo mpeleke. Kutoka birikani Fleix mnashuka taratibu mpaka kwenye tundu la mwamba, mahali njia inapopenya jiwe kama mlango. Mkivuka hapo mnaliona korongo lote limefunguka mbele yenu, na ngazi zinazopanda ng'ambo zimechorwa mlimani kwa kona kona. Mvua ikiwa imenyesha karibuni, kuna maporomoko ya maji pembeni. Kaeni hapo, mle mkate wenu, mrudi. Mama atakuwa ameshuka kidogo na kupanda kidogo, na kitu chenyewe ameshakiona.

Mwambie aziangalie ngazi kwa karibu, asiishie kutazama mandhari. Mawe hayakulazwa kama vigae. Yamesimamishwa kwa ubavu na kubanwa moja kwa jingine, bila saruji wala chokaa, na katikati ya kila kipandio pamelika kwa miguu ya watu na kwato za nyumbu. Upana wake ni wa mnyama mwenye mzigo pande zote mbili. Chini ya kila kona kuna ukuta wa kuizuia njia isiporomoke, nao pia umepangwa kwa mawe makavu. Mtu wa Lushoto anayejua kazi ya kushika udongo mlimani ataelewa kwa macho yake kuliko mimi nitakavyoeleza. Ujenzi huu wa mawe makavu UNESCO waliuingiza mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi usioshikika, kwa Hispania pamoja na nchi kadhaa za Ulaya.

Nilimtunza bibi mmoja wa Benimaurell ambaye utotoni alikuwa akiteremka ngazi hizo na baba yake kwenda kulima Juvees. Walishuka alfajiri na nyumbu, wakarudi jioni na lozi au kharubu, yaani maganda matamu ya mti wa huku. Hakuwahi kuniambia habari ya ngazi 6,800. Yeye alihesabu kona, na kila kona alijua ni ya nani, yaani nani alipumzika pale, nani aliangusha mzigo, wapi kuna kivuli saa nne na wapi kuna kivuli saa kumi. Mashamba yale ya Juvees yaliachwa vijana walipokwenda kufanya kazi pwani na nje ya nchi. Ukifika leo utakuta lozi zimezeeka, mizeituni haijapogolewa, na kuta zimeanza kubomoka sehemu sehemu.

Halafu kuna jambo ambalo napenda kila Mswahili anayekuja huku alijue kabla hajakanyaga jiwe la kwanza. Ngazi hizi watu huziita za Wamozarabu, yaani Wakristo walioishi chini ya utawala wa Waislamu, na vibao vya utalii vinasema hivyo. Lakini wakazi wa bonde hili mpaka mwaka 1609 walikuwa Wamorisko, wajukuu wa Waislamu wa Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, waliolazimishwa kubatizwa, na wengi wao waliendelea na dini yao kwa siri. Tarehe 22 Septemba 1609 ikatangazwa amri ya Mfalme Felipe III kwamba wote wa ufalme wa Valencia wafukuzwe. Bandari ya Dénia, hiyo hiyo mtakayopita, ilikuwa mojawapo ya zile walizopakiliwa, wakapelekwa Oran, kule Algeria. Maelfu walikataa kwenda. Walipanda na wake zao na watoto mpaka Laguar, wakajificha kwenye mgongo wa mlima uitwao Cavall Verd, juu ya Benimaurell. Waliamini kuwa shujaa wao, al-Fatimi, angetoka mlimani amepanda farasi wa kijani kuwaokoa. Jeshi likawazunguka. Kiu ndiyo iliyowashinda, na mwishoni mwa Novemba waliteremka kujisalimisha. Wengi walikuwa wamekwisha kuuawa. Baadaye mabonde haya yakajazwa familia kutoka kisiwa cha Mallorca, na mpaka leo majina mengi ya ukoo hapa asili yake ni huko.

Mimi kila nikiuona mgongo ule jioni, unavyogeuka rangi, nawasomea Fatiha. Sioni haya kusema. Waliolima matuta haya na waliokata roho juu ya mlima ule walikuwa watu wa ibada, na hakuna kaburi lao hata moja ninaloweza kulizuru.

Kuhusu chakula: Dénia kuna Wamorocco wengi na wana mabucha yao ya nyama halali, nunueni kabla hamjapanda. Vijijini mkahawani ulizieni espencat, mbilingani na pilipili kubwa nyekundu vilivyochomwa, vikachanwa na kuwekwa mafuta ya zeituni na samaki mkavu. Coca nayo ni mkate bapa wenye mboga juu yake. Wali wa samaki pia hupatikana. Jihadharini na olleta na putxero, ni supu nzito za nafaka, maharage na mboga, zinavutia sana kwa harufu lakini ndani huwa na nguruwe. Sema mapema kabla hawajapika, wala hawachukii. Maduka hufungwa kama saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, na Jumapili msitegemee kitu.

Bahati_Lyon

Dada, mimi nilitembea njia yote nikiwa na rafiki zangu wa kikundi cha matembezi hapa Lyon. Nakubaliana na mama wa Orba kwa kila neno. Niongeze kidogo kwa wale watakaotaka kuimaliza.

Mteremko wa kwanza unadanganya, kwa kuwa ni mzuri sana na una miguu mipya. Mpando wa tatu ndio mtihani, hasa jua likiwa limeshapanda, sababu korongoni upepo hauingii. Beba lita tatu za maji kwa kila mtu. Kule Juvees kuna kisima cha zamani, lakini si maji ya kutegemea. Kiatu kiwe na soli inayoshika, mawe mengine yamesuguliwa mpaka yanateleza hata yakiwa makavu.

Kuna kitu kingine: njia ya ngazi inakatiza korongo liitwalo Barranc de l'Infern, lakini kuingia ndani ya korongo lenyewe na kulifuata ni kazi ya kamba na watu waliofundishwa. Kuna wanaoona kitanda kikavu cha mto, wanadhani ni njia, wanaanza kukifuata. Usikifuate. Kuta zinabana, mbele kuna mashimo ya kuruka ambayo hayana kurudi.

Na ukipata nafasi uliza habari za bwawa la Isbert. Lilijengwa karne iliyopita kuzuia mto Girona mlangoni mwa korongo, ukuta ukasimama vizuri, ila maji hayakukaa. Milima yote ni mawe ya chokaa yenye nyufa, maji yakawa yanapenya chini na kwenda zake. Mimi ni fundi ujenzi, nilikaa nikiutazama ukuta ule muda mrefu. Ukuta hauna kosa, mwamba ndio uliokataa.

Fizio_Upanga

Nachangia kwa upande wa goti tu, maana ndiyo kazi yangu.

Maumivu yanayokuja wakati wa kushuka mara nyingi hutoka kwenye kifuniko cha goti, kwa sababu mtu anaposhuka ngazi misuli ya paja hushikilia uzito wake wote huku goti limekunjwa. Kwa mama wa miaka 63 anayetembea kila siku, hilo halimaanishi akae ndani. Kabla ya safari aanze kuimarisha mapaja: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, na kupanda kipandio kimoja cha mlangoni na kushuka taratibu, kila siku mpaka siku ya safari. Akiona goti limevimba au linakwama, aonwe na daktari kwanza, asisafiri hivyo.

Njiani awe na fimbo mbili, siyo moja. Aziteremshe mbele kabla ya mguu. Mguu wenye maumivu utangulie kushuka, na ule mzima utangulie kupanda. Apumzike kabla hajachoka. Na wewe binti utembee mbele yake wakati wa kushuka, siyo nyuma.

BintiShume

Jamani asanteni mno. Shangazi MamaNaima, nimemsomea mama ujumbe wako wote kwenye simu. Ile sehemu ya watu waliopanda mlimani alinyamaza kwa muda, kisha akasema lazima afike, na kwamba ngazi nzima si lazima. Sasa anataka kujua yeye atatembea wapi siku nyingine zilizobaki, maana anasema hawezi kuja mbali hivyo akatembea asubuhi moja. Na anauliza wanalima nini haswa mwezi wa nne. Mimi nauliza kuhusu mvua na moto, nimeona habari za mafuriko ya Valencia, nina wasiwasi.

Kaka_wa_Murcia

Dada, nafuta pendekezo langu la Altea, mama ameshaamua. Nikiwa na mzigo wa Ondara siku hiyo nitawapeleka mpaka Orba bila malipo, tuwasiliane kwa ujumbe wa faragha.

MamaNaima_Orba

Allah akulipe kheri, kijana wa Murcia. Ndivyo tunavyotakiwa kuishi ugenini.

Mwanangu, mwambie mama mwezi wa nne ni mzuri. Maua ya mlozi yatakuwa yamekwisha, hayo ni ya Januari na Februari. Bonde hili linajulikana kwa cheri, na mwanzoni mwa mwezi wa nne huenda mkawahi mabaki ya maua yake meupe, hasa karibu na Benimaurell. Mkichelewa mtakuta majani mabichi na matunda madogo ya kijani. Uvunaji ni mwezi wa tano na wa sita. Mtawaona wazee wakipalilia kwa jembe chini ya miti, wengine na trekta ndogo sana inayoweza kugeuka kwenye tuta jembamba. Awasalimie tu, "bon dia", na asimame. Huku mtu akisimama kwenye ukingo wa shamba lako na kutazama miti yako kwa heshima, unaacha jembe na kuanza kueleza. Lugha haitakuwa kikwazo, wakulima wanaelewana kwa vidole.

Pa kutembea pako tele. Siku ya kwanza nendeni kijiji kwa kijiji, Campell mpaka Fleix mpaka Benimaurell, kwa vijia vya mashambani pale vilipo na barabara pale ambapo havipo. Kwa kuwa kupanda hakumuumizi, anzieni Campell, chini, mmalizie juu, na kurudi mpande gari. Huo ndio mpango ninaomshauri kwa siku zote: nendeni juu kwa miguu, rudini chini kwa gari.

Siku nyingine, njia ya gari la shamba inayotoka Benimaurell kuelekea mgongo wa Cavall Verd. Haina ngazi, inapanda pole pole. Si lazima mfike kileleni, hata nusu yake mnaona mabonde pande mbili. Njiani atakuta mmea wa jamii ya mwaa wetu, mfupi, majani yamefunguka kama kipepeo cha mkono. Huku unaitwa margalló. Watu wa Gata de Gorgos, mji ulio upande wa baharini, walisuka kwa majani hayo vikapu na kofia vizazi kwa vizazi, na maduka ya vikapu bado yamepangana barabarani. Mimi nilipouona mara ya kwanza nilichuma ukuti mmoja nikaanza kuuchana kwa kucha bila kufikiri, mikono iliukumbuka. Kama mama anajua ukili, atafurahi. Ila asichume ndani ya hifadhi.

Chini ya Campell kuna Fontilles. Hapo padre Mjesuti Carlos Ferrís na mwanasheria Joaquín Ballester walianzisha hospitali ya wakoma, na wagonjwa wa kwanza wakaingia mwaka 1909. Wakati huo wakoma walikuwa wakifukuzwa vijijini, na hata hapa majirani walipinga, ukuta mrefu ukajengwa kuizunguka. Ukuta bado upo, unapanda na kushuka na mlima. Ndani kulikuwa na nyumba, karakana, ukumbi wa maigizo, mashamba yao. Watu waliishi na kufa humo. Njia ya kupita karibu nayo ina misonobari na kivuli, ni laini kwa goti. Piteni kwa adabu, bado ni mahali pa kutunza wagonjwa na wazee.

Mkipata gari siku moja, nendeni Castell de Castells mkaone michoro ya Pla de Petracos. Ni mapango mafupi yaliyo wazi mwambani, na ndani yake kuna watu wa rangi nyekundu wameinua mikono juu. Ina zaidi ya miaka 7,000, ya wakulima wa kwanza kabisa wa upande huu. Tangu 1998 ni sehemu ya Urithi wa Dunia pamoja na michoro mingine ya miamba ya ukanda huu. Mwambie mama mwalimu kwamba wanafunzi wa huku huletwa hapo kwa mabasi, akutane nao akiwa na bahati.

Kuhusu mvua, wasiwasi wako una msingi. Hatari kubwa ni vuli, mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, bahari ikiwa bado ina joto na hewa baridi ikishuka kutoka juu. Mto Girona ambao mtauona mkavu, mawe matupu, Oktoba 2007 ulifurika kwa mvua ya usiku na mchana ukabomoa daraja la Beniarbeig, hapa chini tu. Aprili si msimu wenyewe, lakini mvua kubwa hutokea. Tazameni tahadhari za AEMET, idara ya hali ya hewa, kila asubuhi. Rangi ikiwa ya machungwa au nyekundu, msishuke korongoni hata kama juu yenu anga ni safi. Maji hunyesha milimani, yanakuja yakiwa yamekwisha kukusanyika.

Moto ni wa kiangazi. Agosti 2022 radi ilipiga Vall d'Ebo, bonde jirani, zikateketea zaidi ya hekta 10,000. Usiku ule tuliona wekundu juu ya mlima kutoka Orba, majivu yakituangukia uani, na bibi niliyekuwa nikimtunza alitaka apelekwe dirishani ajue moto umefika wapi. Alitaja mashamba kwa majina, moja moja, akiuliza kama limepona. Bado mtaona miti myeusi upande ule, na chini yake rozmari na majani mabichi yanayorudi. Siku za hatari ya juu kabisa, wanaiita kiwango cha 3, njia nyingi za msituni hufungwa. Msiwashe kitu chochote cha moto porini, hata jiko la gesi la chai.

Mambo madogo yaliyobaki. Kaeni Benimaurell au Fleix, si Orba wala pwani, ili asubuhi mfungue mlango mkiwa tayari mahali penyewe. Tafuteni nyumba yenye jiko, kwa mwanafunzi ni nafuu kuliko mkahawa, na ulizeni kama ina jiko la kuni au hita, maana usiku wa Aprili kule juu bado una baridi ya kutosha. Mama aje na sweta. Dawa zake awe nazo za siku zote, duka la dawa lipo huku kwetu Orba. Dharura piga 112, ni bure. Kibali chako cha mwanafunzi wa Ubelgiji kinakuruhusu kuja Hispania, lakini tembea nacho pamoja na pasi, na mama atembee na pasi yake yenye viza pamoja na bima ya safari.

Zabibu kavu nitawapa mimi. Bonde hili na majirani zake waliishi kwa zabibu kavu karne ya kumi na tisa, walizipakia Dénia kwenda Uingereza. Walichovya vichala kwenye maji ya moto yenye majivu ili ganda lipasuke kidogo, wakavianika juu ya mikeka ya matete, na ukija umande au mvua wakaiingiza chini ya banda la matao liitwalo riurau. Bado kuna familia Orba zinazofanya hivyo kila mwisho wa Agosti kwa matumizi ya nyumbani, na mimi huwa nasaidia na kupata fungu langu.

Nitumie tarehe mkishakata tiketi. Siku yangu ya mapumziko ni Alhamisi, nitapanda basi la shule la asubuhi wakiniruhusu au nitatembea, tukutane birikani Fleix saa tatu. Fimbo za kutembelea msinunue, ninazo jozi mbili.

BintiShume

Shangazi, nimekata. Tunafika Alicante Jumanne ya wiki ya pili baada ya Pasaka. Alhamisi hiyo saa tatu tuko birikani, inshallah. Mama anauliza akuletee nini kutoka Tanga, na ameniambia nisikubali jibu la "njooni tu".

MamaNaima_Orba

Basi aniletee hiliki na dagaa wakavu, wafungwe vizuri kwenye mifuko miwili.

Bahati_Lyon

Dagaa wanapita, mama, ila asibebe nyama! Nyama kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hunyang'anywa uwanjani, mimi ni shahidi, lakini samaki mkavu wa kula mwenyewe huruhusiwa mpaka kilo 20. Hiliki pia zinapita.

MamaNaima_Orba

Basi vyote viwili, na hiliki za kutosha.